Starlet ya Lempi

Je, wewe ungeliendesha gari la marehemu mama yako kwa nguvu zako zote, huku ukijua kwamba ukishinda tu, jioni hiyohiyo jirani atalifunga kwenye tela lake aondoke nalo? Usijibu haraka. Saimi Pesonen alikaa na swali hilo kiangazi kizima. Alilizungusha kichwani kila asubuhi alipokuwa akizungusha usukani wa lori la maziwa kwenye barabara za changarawe za kijiji chao cha Kivisalo, kutoka zizi moja hadi jingine, na jibu hakulipata.

Sheria ya mbio za kila mtu ni ngumu lakini ni ya haki. Magari ni yale makuukuu ya kawaida, ya kwendea sokoni na kanisani, yaliyovuliwa viti na vioo na kutiwa kizimba cha mabomba ndani ili dereva asipondeke. Na ili asitokee mwenye uwezo akaja na gari la mali nyingi kuwaonea wenzake, kila gari lililoshindana huwekwa sokoni siku hiyohiyo, na lisilotamaniwa na mtu ndilo hurudi na mwenyewe. Bei ni moja kwa magari yote. Mshindani yeyote anayelipenda hutumbukiza karatasi yenye jina lake kwenye debe, na wakiwa wengi kura hupigwa. Mwenye gari hana ruhusa ya kukataa. Akikataa, leseni yake inachukuliwa, na dukani watu wanamgeuzia mgongo kama vile hawamwoni.

"Gari la mbio ni kama nguruwe wa Krismasi," alikuwa akisema Reino Kettunen, jirani yao wa ng'ambo ya ziwa. "Mlishe, mnenepeshe, ila jina usimpe."

Reino alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwala nguruwe wa wenzake. Kila gari zuri lililotoka bandani kwa akina Pesonen lilimwangukia yeye, ama kwa kura ama kwa kuwa wengine walichelewa. Mwezi wa sita alikuwa amechukua gari lao la buluu, na Saimi akabaki bila gari na mbio kubwa za mwisho wa kiangazi ziko mbele yake. Mbio hizo alikuwa hajawahi kuzishinda. Mara mbili alikuwa amemaliza wa pili, mara zote mbili nyuma ya Reino, na mwaka huu alikuwa ameapa kushinda.

Basi asubuhi moja, wakiwa mezani wanakula uji, baba yake akasema, "Ipo ile Starlet."

Mzee Kalervo hakuwa mtu wa maneno. Maneno yake ya wiki nzima yangeweza kutosha kwenye kisanduku cha kiberiti, na njiti zikabaki humohumo. Kwa hiyo Saimi aliweka kijiko chini akamtazama vizuri.

"Starlet ya mama?"

"Nyingine ipo?"

Nyingine haikuwepo. Starlet hiyo ilikuwa nyeupe zamani, sasa imekuwa na rangi ya maziwa yaliyoganda. Lempi, mama yake Saimi, alikuwa akiendea nayo kwaya, akiendea unga, akiendea msituni kuchuma matunda, na doa la zambarau la ndoo iliyomwagika lilikuwa bado kwenye kiti cha nyuma. Tangu azikwe, gari lilikaa bandani chini ya turubai. Hakuna aliyeligusa na hakuna aliyelitaja.

"Baba, Reino atalichukua."

"Gari likikaa linaoza," alisema mzee.

"Lakini wewe unataka nini? Liende au libaki?"

Mzee akainuka na birika. "Kahawa yako imepoa. Nikuongezee?"

Walilivua gari polepole, jioni baada ya jioni. Viti vikatoka, zulia likatoka, kioo cha mbele kikatoka, pakawekwa wavu wa chuma. Kwenye kisahani cha majivu, ambacho Lempi hakukitumia kwa majivu hata siku moja, walikuta vifungo vya nguo, kibanio cha nywele na peremende iliyokauka. Kalervo alivipangusa vifungo kimoja kimoja kwa kitambaa chenye oili, akavitia mfukoni mwa shati. Peremende akaila. Saimi alijifanya hakuona.

Kisha yakaja mazoezi. Barabara ya kwao ilikuwa ya kwao wenyewe. Ilianza kwenye sanduku la barua, ikapita katikati ya misonobari, ikazunguka jiwe kubwa linalofanana na ng'ombe aliyelala, ikashuka mpaka kwenye shimo la mchanga. Hapo ndipo Kalervo alipomfundisha Saimi kuendesha, naye hapo ndipo alipofundishwa na baba yake. Kijana Kalervo alishindana sana enzi zake, na watu wazima wa Kivisalo bado walisimulia alivyokuwa akiingia kona gari limelala ubavu. Ila Lempi alipokuwa na mimba ya Saimi, Kalervo alipinduka mara mbili akatua ndani ya shamba la viazi. Lempi hakupiga kelele. Aliichukua helmeti ya mumewe, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa sauna, kibanda chao cha kuogea kwa mvuke, akajaza ndani yake vibanio vya kuanikia nguo. Ilikaa hivyo miaka yote. Kalervo akawa fundi wa magari ya wengine, na barabarani akawa anaendesha taratibu, kama amebeba mayai.

Gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele lina ukaidi wake. Ukiingia kona kwa kasi, pua yake haitaki kugeuka. Usukani unakata kulia, lenyewe linanyoosha tu kuelekea mtaroni. Dawa yake Saimi aliijua tangu utotoni. Kabla ya kona ya kulia unalitupa kwanza kidogo kushoto, halafu unalirudisha kulia ghafla. Mguu wa kulia hautoki kwenye mafuta, na wa kushoto unagusa breki, kugusa tu, kama mtu anayepima maji ya kuoga mtoto. Pua inainama, mkia unakuwa mwepesi, unateleza wenyewe kuzunguka. Sasa moyo unakwambia achia mafuta. Usiusikilize. Ukiachia, umekwisha. Unaongeza, na magurudumu ya mbele yanakuvuta kutoka konani kama farasi aliyeona banda.

Kalervo alisimama kwenye jiwe, mikono nyuma, kichwa kimeinama. Hakutazama. Alisikiliza.

"Umegusa mapema," alisema mzee, Saimi aliposimamisha gari kando yake.

"Mapema kiasi gani?"

"Kama kikohozi kimoja."

Saimi akarudi, akachelewesha kikohozi kimoja, na mkia ukazunguka jiwe bila kupoteza hata punje ya kasi. Alirudia mpaka mbu walipoanza kumla baba yake. Siku moja katika siku hizo alifungua mlango, akatoa mguu mmoja nje. "Baba, lijaribu basi nawe."

"Aa," alisema mzee, akitazama msonobari. "Mimi ya nini."

Saimi akaurudisha mguu ndani, akafunga mlango, akaondoka.

Wiki ya mwisho kabla ya mbio alikwenda sauna na kapu la nguo mbichi, akakuta vile vibanio vya kuanikia vimemwagwa kwenye ndoo ya matunda. Aliona ajabu kidogo, akavitwaa ndooni, akaanika nguo zake. Alikuwa na mengine ya kufikiria.

Siku ya mbio uwanja wa Lehmisuo ulinukia soseji za kuchoma na petroli. Reino alikuwa ameegesha kando yao, na gari lake refu la kusukumwa na magurudumu ya nyuma liling'aa kama sufuria mpya. Aliizunguka Starlet, mikono mfukoni.

"Dada Saimi, hili si la kwendea vitunguu?"

"Vitunguu nitakuachia njiani, uokote."

"Gari linavutwa pua kama fahali! Mimi langu linasukuma, kama mwanamume."

"Linasukuma mpaka mtaroni. Mwaka juzi nani alilitoa? Si lori langu la maziwa?"

Watu wakacheka, Reino mwenyewe akicheka zaidi yao. Kisha akainama, akachungulia chini ya gari, na alipoinuka hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameona kazi ya Kalervo, chuma kilivyochomelewa safi, mabomba yalivyofungwa mbali na mawe. "Zuri," alisema kwa sauti ya chini. Saimi akasogea, akasimama kati yake na gari.

Raundi ya kwanza aliendesha kwa adabu. Ya pili vilevile. Alishika nafasi za kumwingiza fainali na si zaidi ya hapo, akawaacha wengine wapite kwa vumbi lao, akajiambia kwamba gari linaloonekana chovu halitamaniwi na mtu. Aliporudi, Kalervo alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba, kikapu cha vimikate vyeusi vilivyojazwa uji wa mchele miguuni.

"Nimekusikia kule konani," alisema.

Saimi akavua helmeti. "Nimeingia fainali."

"Mguu wa kushoto ulikuwa umelala."

Saimi alichukua kimkate, akakipaka siagi yenye yai, hakukila. "Baba, nikishinda wanalichukua. Nikienda hivihivi tunarudi nalo nyumbani. Ni gari la mama."

"Wanalichukua, ndiyo."

"Na wewe huumii?"

Mzee alitazama tairi lililokuwa mbele yake, kama mtu anayesoma gazeti. "Mama yako," alisema, "hakuliendesha hivyo hata kwenda dukani."

Saimi akacheka ghafla, makombo yakamtoka. Ilikuwa kweli. Lempi aliyetundika helmeti ya mumewe msumarini, yeye mwenyewe alishuka kilima cha kanisa kwa kasi ya kuwatoa bata ziwani, kofia imekaa vizuri kichwani, mkoba umeruka kutoka kitini. Mchungaji alikuwa akiisikia Starlet inakuja, anasogea kando na baiskeli yake.

Hapo ndipo shauri lilipokatika. Hangelifanya gari la mama yake lichechemee siku yake ya mwisho. Kama ni kuondoka, liondoke likikimbia. Alikula kimkate, akala na kingine, akafunga mikanda mpaka mabega yakauma.

Fainali ilikuwa ya magari sita na mizunguko mitano. Bendera ilipoanguka, Reino alitoka kama aliyeitwa chakulani, na Starlet ikawa ya nne, changarawe zikinyesha kwenye wavu na ndani ya mdomo wa Saimi. Kona ya kwanza aliingia na mguu uliolala umeamka. Kushoto kidogo, kulia ghafla, mguso, mafuta. Gari lililokuwa mbele yake lilinyoosha pua kuelekea kwenye matairi ya ukingoni. Yeye akapita ndani. Akawa wa tatu. Mzunguko wa pili akampata mwingine kwenye mteremko, kwa kukataa tu kuwa wa kwanza kuogopa.

Akabaki Reino. Kwenye sehemu iliyonyooka Reino alimwacha. Kwenye kona ndefu ya upande wa msitu, gari la Reino lilitupa mkia nje, likaenda upande upande, zuri kama mtu anayecheza dansi, na watu wakampigia makofi. Lakini dansi inahitaji nafasi. Kila alipopita, aliacha upande wa ndani wazi, upana wa gari moja dogo, wala si zaidi. Saimi aliiona nafasi hiyo mzunguko wa tatu. Wa nne aliipima. Vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba kona hakuiona, aliikumbuka tu, na alichokuwa anakisikia kichwani ni sauti moja: kama kikohozi kimoja.

Mzunguko wa tano aliingia kasi kuliko alivyowahi kuingia kona yoyote na gari lolote. Alitupa, akarudisha, akangoja kikohozi kimoja chote, akagusa. Pua ikainama ndani, mkia ukazunguka, bati la ubavu likaparuza ukingo wa udongo likalia. Moyo ukamwambia aachie. Akakandamiza mafuta mpaka chini. Starlet ikamvuta, ikamvuta, ikatoka konani kando ya Reino, mlango kwa mlango, halafu mlango wake ukatangulia, halafu taa ya nyuma, na bendera ya miraba ikamkuta yeye mbele.

Alipovua helmeti, uso ulikuwa mweusi kwa vumbi isipokuwa macho. Kalervo alikuja akatazama bati lililopinda.

"Vizuri," alisema.

Neno hilo Saimi alikuwa hajawahi kupewa. Angependa kukaa nalo kidogo, lakini debe lilikuwa limeshaanza kupitishwa. Karatasi ziliingia nyingi, nyingi kuliko alivyoogopa. Mwanamke wa meza ya matokeo alichovya mkono, akakoroga, akatoa moja, akaisoma: Reino Kettunen.

Reino alikuja na kofia mkononi. Hakutania. "Ndiyo sheria, dada."

"Ndiyo sheria," alisema Saimi. Akampa funguo kabla vidole havijabadili mawazo.

Kulikuwa bado na matairi ya akiba yaliyobaki nyumbani, na matairi huenda na gari. Kwa hiyo Reino alipitia kwao jioni hiyo, Starlet imefungwa juu ya tela. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa, kama ilivyo kiangazi huku kaskazini. Wakapakia matairi. Kisha Saimi, kama alivyolelewa, akasema, "Karibu kahawa, Reino."

"Aa, msijisumbue."

"Iko tayari."

"Nimetoka kunywa kule uwanjani, kweli tena."

"Reino, ingia, itapoa."

"Basi, labda nusu kikombe," alisema Reino, akavua viatu, akaingia, akanywa vikombe vitatu na kula vimikate vilivyobaki.

Na Saimi akabaki amesimama na birika mkononi. Mgeni gani wa Kivisalo huingia kwa mwito wa kwanza? Wa kwanza ni wa kukataa. Wa pili ni wa kutoa sababu. Hakuna mtu mwenye malezi anayenyoosha mkono kabla ya wa tatu, na yeye mwenyewe asingethubutu kumwita jirani kahawa mara moja tu kisha akamfungia mlango. Hiyo ingekuwa ni kumfukuza. Lakini kule kwenye jiwe, kati ya misonobari, alimkaribisha baba yake garini mara moja tu. Mara moja! Halafu akafunga mlango wa gari akaondoka.

Akavikumbuka vile vibanio kwenye ndoo ya matunda.

Aliweka birika chini akatoka nje. Kalervo alikuwa kando ya tela, kiganja chake juu ya bati lililopinda, kama mtu anayemtuliza mnyama.

"Baba," alisema Saimi. "Lizungushe kabla halijaondoka."

Mzee aliondoa mkono. "Watu wamechoka. Reino anataka kwenda kulala."

Reino alikuwa ameshatokea mlangoni na soksi zake, kikombe mkononi. Alimtazama Saimi, akamtazama mzee, akatazama gari ambalo sasa lilikuwa lake. Aliweka kikombe kwenye ngazi, akavaa viatu bila kufunga kamba, akaanza kulegeza mikanda ya tela, wa kwanza, wa pili, akashusha mbao za kuteremkia. Starlet ikateremka kwa nyuma, ikatua kwenye changarawe, mbele ya sanduku la barua.

Saimi aliingia sauna akatoka na helmeti kuukuu. Ndani ilikuwa imepanguswa safi, na kamba yake ya kidevuni ilikuwa mpya, imeshonwa kwa uzi mweusi, mshono wa mkono wa mwanamume. Kwenye kamba hiyo palishonwa kifungo kimoja cha buluu cha Lempi.

Akaishika kwa mikono miwili, akamnyooshea.

"Baba. Karibu."

Kalervo aliitazama helmeti. Alitazama barabara inavyoingia msituni.

"Nataka," alisema, na sauti ilimtoka ya kukwaruza, kama mlango wa ghala lisilofunguliwa. "Nataka kuliendesha. Tangu siku ile tulipotoa turubai nataka. Kutoka hapa mpaka shimo la mchanga na kurudi, kwa kasi yangu ya zamani, siyo ya mayai." Akaipokea helmeti, akaivaa, akafunga kamba. "Na wewe, binti yangu, nataka ukasimame pale kwenye jiwe, unisikilize."